Kutoka Viyoyozi hadi Amonia: Kisa cha Fundi Mmoja wa Mwanza

Fundi ninayemwandika hapa alikuwa na umri wa miaka 34, na 11 kati ya hiyo alikuwa ameitumia kufunga na kutengeneza viyoyozi jijini Mwanza, jioni ile ya mwaka 2021 alipokuja nyumbani kwangu akiwa na barua ya kiwanda cha minofu ya samaki. Jina lake silitaji, la kiwanda pia silitaji, na mambo madogo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa, kwa ruhusa yake, kwa sababu mafundi wengi wa majokofu na viyoyozi katika Kanda ya Ziwa watajikuta siku moja mbele ya uamuzi kama wake.

Barua ilimpa nafasi ya msaidizi wa mwendesha mitambo katika chumba cha kompresa (mashine za kushindilia gesi) za amonia, gesi inayopozea mitambo mikubwa. Baada ya kuniamkia aliiweka mezani, akaniuliza swali moja tu: "Mzee, nikienda huko naanza upya au naendelea?" Nilimjibu bila kufikiri sana, "Unaendelea, mwanangu. Baridi ni baridi." Kwa kiasi kikubwa ninachokichunguza hapa ni jibu langu hilo, ambalo nusu yake ilikuwa kweli, na nusu ya pili ilikaribia kumpotezea macho.

Sababu za kutaka kuhama zilikuwa za haki. Mwanza si Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, upepo wa ziwa hupunguza makali ya jua, na mkazi wa Kirumba au Pasiansi anaweza kumaliza mwaka kwa feni, au bila hata hiyo feni. Kiyoyozi hapa ni kitu cha benki, hoteli, ofisi, vyumba vya mitambo ya mawasiliano na nyumba chache za Capri Point, kwa hiyo kazi hujaa kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zinapoanza, kisha fundi hubaki akisubiri simu. Kazi za nje ya jiji zilikuwa na shida yake: kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, kwenda kuhudumia kiyoyozi kimoja Sengerema kulimaanisha foleni ya kivuko asubuhi na foleni nyingine jioni, na mteja halipii foleni.

Kulikuwa pia na suala la gesi zenyewe. R22, ambayo ndiyo aliyojifunzia kazi, imo katika kundi linaloondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, ya kulinda tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza matumizi ya kundi hilo kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025 na asilimia 97.5 ifikapo 2030. Alipoanza kuizoea R410A, nayo ikaingia katika ratiba ya kupunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwezi Oktoba 2016, na viyoyozi vya R32, gesi inayoweza kushika moto, vikaanza kuletwa madukani. Kila mabadiliko yalimtaka anunue vifaa vingine na kujifunza tahadhari nyingine, huku bei ya kufunga kiyoyozi ikishuka kwa sababu vijana wenye pampu moja na ngazi waliongezeka kila msimu. Amonia ilimvutia kwa sababu haimo katika ratiba hizo: haiharibu tabaka la ozoni, haina mchango wa maana katika kuongeza joto la dunia, na imetumika kugandishia tangu karne ya 19 bila kupata mshindani wa kuiondoa katika viwanda vikubwa. Aliona, na nadhani aliona sawasawa, kwamba hapo pangekuwa na ufundi usiobadilishwa chini ya miguu yake kila baada ya miaka michache.

Mkewe, anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, alikuwa upande wa barua kwa sababu ya mshahara wa kila mwezi na michango ya NSSF. Hata hivyo yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi mafundi wawili hatukuwa tumeliuliza: "Sangara wakiadimika, baridi yenu mtampa nani?" Nitalirudia swali hilo, kwa sababu lilistahili jibu mapema kuliko tulivyolijibu.

Begi la vifaa

Siku ya kwanza kazini alikwenda na begi lake. Ndani yake mlikuwa na seti ya geji za brasi pamoja na mipira yake, kikatio cha bomba za shaba, kifaa cha kupanulia midomo ya bomba, fito za fedha za kuchomelea, pampu ya vakyumu, mita ya umeme ya kubana waya, kipimajoto, spana na daftari. Msimamizi wa zamu, mzee aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1990 wakati viwanda vya minofu vilipokuwa vikifunguliwa kando ya ziwa, alimwomba avitoe vyote, akavigawa mafungu mawili juu ya meza. Fungu la kwanza, kubwa, aliliambia lirudi nyumbani. Amonia ikikutana na unyevu hata kidogo huila shaba na brasi, kwa hiyo mabomba, vali na geji zake ni za chuma, na maungio yake hulehemiwa na watu wenye cheti cha kulehemu mabomba ya shinikizo. Ustadi ambao fundi huyu alisifiwa nao mjini kote, wa kuunga bomba la shaba likatoka safi kama lilivyotoka dukani, haukuwa na kazi hata moja katika jengo lile. Katika fungu la pili zilibaki mita, kipimajoto, spana na daftari.

Aliniambia baadaye kwamba hakulala usiku huo. Ninaelewa kwa nini. Fundi hukusanya vifaa vyake kimoja kimoja, kila kimoja kwa fedha ya kazi fulani anayoikumbuka, na kuona robo tatu ya begi ikikataliwa ni sawa na kuambiwa kwamba robo tatu ya miaka yako haikuwepo. Lakini mgawanyo ule wa mezani ulikuwa picha sahihi kuliko jibu langu la "baridi ni baridi", na laiti sote tungeutazama kwa makini zaidi, tungejua mapema ni wapi pangekuwa na hatari. Mita na kipimajoto vilibaki kwa sababu umeme ni uleule na joto ni lilelile. Vilivyoondoka ni vile vinavyogusa gesi.

Upande uliobaki ulimletea heshima haraka. Katika vyumba vya kugandishia, ambako minofu hushushwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kabla ya kusafirishwa, barafu hujijenga juu ya koili, yaani mabomba ya kupozea, na huyeyushwa kwa kupitisha gesi ya moto kutoka kwenye kompresa. Utaratibu wake una hatua zisizorukwa: kwanza vali ya kimiminika inafungwa, kisha feni zinaachwa zizunguke hadi amonia iliyomo ndani ya koili ichemke na kuondoka, ndipo gesi ya moto inaingizwa, na mwishoni shinikizo linaachiwa polepole kabla ya baridi kurudishwa. Gesi ya moto ikiingia wakati koili bado ina kimiminika baridi, kimiminika hicho husukumwa kama nyundo na kinaweza kupasua bomba la chuma. Katika chumba kimoja mabomba yalikuwa yakipiga kishindo kila mara ya kuyeyusha barafu, na waliokuwepo walikuwa wamekizoea. Mwezi wa pili, fundi wetu alifungua sanduku la umeme, akafuata waya mmoja baada ya mwingine, na kukuta kiungo cha swichi ya muda kimeungua na kunata, hivyo hatua ya kuondoa kimiminika ilikuwa ikikatizwa dakika chache baada ya kuanza. Kilikuwa kifaa kidogo cha kununuliwa duka la umeme. Mtu aliyezoea kusaka hitilafu kwenye kadi za viyoyozi, ambako umeme unaopanda na kushuka huunguza kitu kila wiki, huona haraka mambo ambayo mtu wa mabomba huyapita.

Kwa hiyo alipandishwa katika macho ya wote kuwa fundi aliyekamilika. Nimefikiri sana juu ya hilo, na naona kuwa mafanikio ya mwezi wa pili ndiyo yaliyotayarisha ajali ya mwezi wa tano.

Mambo yaliyogeuka juu chini

Kabla ya kufika kwenye ajali, inafaa nieleze namna maarifa ya gesi yalivyomgeuka, maana hapa ndipo mtu wa viyoyozi anapodhani anajua kumbe anakumbuka tu.

Katika kiyoyozi, kimiminika kikirudi kwenye kompresa, kompresa inakufa. Fundi hufundishwa tangu siku ya kwanza kuhakikisha kwamba bomba la kurudia limebeba mvuke mkavu wenye joto la ziada kidogo. Katika mtambo ule wa kiwandani, pampu husukuma kwenye koili amonia nyingi mara tatu au nne kuliko inayochemka, kwa makusudi, ili ukuta wote wa bomba ndani ya koili ubaki umelowa. Ziada hurudi ikiwa mchanganyiko wa kimiminika na mvuke hadi kwenye tangi kubwa la shinikizo la chini, ambako kimiminika hubaki chini na mvuke pekee huenda kwenye kompresa. Wiki ya tatu alitaka kubana vali ya koili kwa sababu bomba la kurudia "lilikuwa na maji". Kama angeachwa, chumba kingepungukiwa na baridi na minofu ingechelewa kuganda. Kilichokuwa ugonjwa mjini kilikuwa afya pale.

Jambo la pili ni zito zaidi, na linahusu mahali tulipo. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33.3 chini ya sifuri katika shinikizo la hewa la usawa wa bahari. Hapa Mwanza, kwa mwinuko wetu, shinikizo la hewa ni takriban baa 0.88, na kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 36 chini ya sifuri. Kwenye kiyoyozi tofauti hii haina uzito: geji hupotoka kwa chini ya paundi mbili, na fundi anayejaza R22 hadi sindano ya geji ya bluu, ile ya shinikizo la chini, ikae kati ya 60 na 70 hataiona maisha yake yote. Lakini chumba cha kugandishia kinapofanya kazi ili amonia ichemke kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, shinikizo ndani ya mabomba ni baa 0.72 hivi, chini ya lile la hewa ya nje. Maana yake ni kwamba tundu dogo kwenye muhuri wa kompresa halitoi gesi nje, bali linaingiza hewa ndani. Miaka 11 alikuwa ametafuta tundu kwa povu la sabuni na kwa pua. Sasa alikuwa na tundu lisilotoa povu wala harufu.

Hewa hiyo husafiri hadi kwenye kondensa, mahali mvuke wa amonia hupoa na kuwa kimiminika, na kukwama huko, kwa kuwa yenyewe haigeuki kimiminika, na shinikizo la upande wa juu hupanda. Aliliona shinikizo likipanda, akasema kile ambacho fundi yeyote wa viyoyozi angesema: gesi imezidi, au kondensa ni chafu. Msimamizi hakubishana naye. Alimtuma apime kwa kipimajoto chake mwenyewe joto la kimiminika kinachotoka kwenye kondensa, akapata nyuzi 30. Amonia safi kwenye nyuzi 30 ina shinikizo la baa 11.7, yaani kwenye geji ya Mwanza, inayohesabu kuanzia shinikizo la hewa ya nje, ingesomeka 10.8; geji yao ilisoma 13. Baa mbili na ushee zilizozidi zilikuwa za hewa. "Toa hewa, usiguse gesi," mzee alimwambia. Fundi aliandika mahesabu hayo katika daftari lake, na nimeyaona: ukurasa mzima, na chini yake mstari mmoja uliopigiwa wino mara mbili.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha aina ya mafunzo ambayo hayapatikani kwa kusoma jedwali. Alikuwa na kipimajoto, alikuwa na akili ya kulinganisha shinikizo na joto, kwani hiyo ndiyo kazi ya viyoyozi kila siku. Alichokosa ni mtu wa kumwambia alinganishe nini na nini, na wakati gani. Mtu huyo alikuwepo siku ile. Na nisidhaniwe kuwa nawapandisha watu wa amonia juu ya wengine. Mzee huyohuyo alijaribu kutengeneza kiyoyozi kidogo cha nyumbani kwa mwanawe na kikamshinda, kwa sababu alikijaza kwa kukadiria kama mtu aliyezoea kuhesabu amonia kwa tani, wakati kiyoyozi cha ukutani hupimwa kwa mizani na gramu chache hubadilisha kila kitu. Kuhama ni kugumu kutoka pande zote mbili.

Usiku wa mwezi wa tano

Mafuta ya kulainisha kompresa huponyoka kiasi na kusafiri pamoja na amonia. Katika viyoyozi, mafuta huchanganyika na gesi na kurudi yenyewe. Katika amonia hayachanganyiki, na kwa kuwa ni mazito kuliko amonia ya kimiminika huzama na kukusanyika chini ya tangi, katika chungu kidogo kilichowekwa kwa ajili hiyo, na lazima mtu ayatoe kwa mkono. Utaratibu wake ni kukitenga chungu na tangi kwa kufunga vali, kuacha amonia iliyobaki humo ichemke na kuondoka kupitia bomba la mvuke, na kusubiri hadi theluji iliyoganda nje ya chungu iyeyuke yote. Theluji ikiwepo, kuna amonia ya kimiminika ndani. Ndipo mafuta yanafunguliwa, kupitia vali yenye springi ambayo hujifunga yenyewe mkono ukiiachia, na mtu wa pili akiwa karibu.

Alikuwa ameonyeshwa mara mbili. Usiku huo msimamizi aliitwa kwenye chumba cha kuhifadhia, na fundi wetu, kwa nia njema ya kupunguza kazi iliyobaki, akaanza peke yake. Theluji ilikuwa imepungua lakini haikuwa imekwisha. Mafuta yalitoka mazito kama uji uliopoa, kisha yakakoma. Akadhani vali imebanwa mno, akaifungua zaidi, na donge la mafuta lililokuwa limeziba likatoka likifuatwa na amonia. Alikuwa amevaa glovu na miwani. Barakoa ya gesi ilikuwa kwenye msumari wake kando ya mlango. Alichofanya sahihi ni kuiachia vali, nayo ikajifunga, na kukimbilia nje. Walinzi walimwekea macho na uso chini ya maji kwa zaidi ya dakika 15, jambo ambalo daktari alisema ndilo lililomwokoa, na alilazwa usiku mmoja akiangaliwa mapafu. Sauti yake ilikwaruza kwa wiki kadhaa.

Ripoti ya kiwanda iliandika: uzembe wa mfanyakazi. Ninaipinga, na sikuipinga kwa sababu ya kumhurumia. Mtu mzembe hafuati waya kumi na tano ndani ya sanduku la umeme hadi apate kiungo kimoja kilichonata. Yaliyotokea usiku ule ni tabia tatu njema za kazi ya viyoyozi zilizofika mahali zisipokuwa njema. Fundi wa viyoyozi hufanya kazi peke yake juu ya ngazi, na asiyeweza kazi peke yake hapati mteja wa pili. Fundi wa viyoyozi huongeza mwendo, kwa sababu analipwa kwa kazi. Na fundi wa viyoyozi haogopi gesi kidogo inayotoka: huachia pumzi moja ya gesi kusafisha mpira wa geji na kuendelea, kwa kuwa gesi zile hazina harufu wala haziungui pua. Tabia hiyo ya tatu ni mbaya hata mjini, kwa sababu ya ozoni na joto la dunia, na tunapaswa kuiacha; lakini mjini haimlazi mtu hospitali. Amonia husikika puani ikiwa sehemu tano tu katika milioni moja ya hewa, na ikifika sehemu 300 ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Mtu anayeisikia na asishtuke si jasiri, bali mkono wake bado unaishi katika kazi ya zamani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha kisa, na ambalo halikuwa katika ripoti yoyote. Barua ya kwanza ya kiwanda ilikuwa na kipindi cha mafunzo cha miezi sita, ambamo msaidizi mpya hakuruhusiwa kuwa peke yake katika chumba cha mitambo. Fundi wetu, akiona mshahara ni mdogo na akiwa na jibu langu masikioni, alikwenda kujadiliana. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye uzoefu wa miaka 11 hahitaji miezi sita ya kuangaliwa. Kiwanda kilikubali kwa furaha. Kilifuta mafunzo, kikaongeza mshahara kidogo, na kila upande ukaondoka ukidhani umepata faida. Kwa hakika aliuza jicho la mzee wa zamu, na kiwanda kililinunua kwa bei ya chini kuliko gharama ya kulitoa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi mafunzo na vifaa vya kinga, na mfanyakazi kukubali kuyaacha mafunzo hayo hakumwondolei mwajiri wajibu huo. Hapo kiwanda kilikosa. Lakini ninaandika zaidi kwa ajili ya mafundi, na kwao nasema kwamba alijadiliana kuhusu kitu kisicho chake cha kuuza. Angeweza kudai nauli ya zamu ya usiku. Angeweza kudai mshahara upitiwe upya baada ya miezi sita, kwa maandishi. Angeweza kudai walipie tathmini yake VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, maana yeye alijifunza gerejini na hakuwa na karatasi hata moja, na wakaguzi wa viwanda vinavyouza samaki nje ya nchi huulizia karatasi. Yote hayo yalikuwa na thamani kwake na yasingemwongezea hatari.

Na mimi nilikosa. Aliponiuliza anaanza upya au anaendelea, nilipaswa kumwambia kwamba kichwa kinaendelea na mikono inaanza upya. Kanuni za baridi alikuwa nazo. Umeme alikuwa nao. Nidhamu ya kuandika alikuwa nayo. Mazoea ya mikono yalihitaji mtu wa kuyashika kila yanapojitokeza, na kazi hiyo haifanywi na mwenye mikono.

Aliporudi kazini aliomba mwenyewe kurudishiwa miezi sita, na aliipata, mshahara ukibaki palepale baada ya mzee wa zamu kumsemea. Katika muda huo aliandika kwa Kiswahili utaratibu wa kutoa mafuta, ukabandikwa juu ya chungu. Mstari wake wa kwanza unasema: "Theluji ikiwepo, usifungue, ukiwa peke yako, usifungue." Barakoa ilihamishwa kutoka mlangoni hadi kwenye ndoano iliyo mbele ya chungu kabisa, hivi kwamba huwezi kuifikia vali bila kuigusa.

Limebaki swali la mkewe. Sangara si wengi kama walivyokuwa, na wafanyakazi wa viwanda vya minofu wamezoea miezi ambayo mashine moja inasimama kwa kukosa samaki. Mwaka wa tatu kiwanda chake kilipunguza zamu kutoka tatu hadi mbili. Wapo wanaoniambia kwamba hilo linathibitisha alikosea kuhama, na kwamba angebaki na viyoyozi au angekwenda kwenye vipoza vikubwa vya hoteli na hospitali. Sikubaliani nao. Wateja wake wa zamani hakuwatupa: aliwakabidhi kwa mdogo wake, pamoja na lile fungu kubwa la vifaa lililokataliwa siku ya kwanza, na siku zake za mapumziko hupita kukagua kazi ya kijana huyo. Zamu zilipopunguzwa, familia haikuyumba. Zaidi ya hayo, mtu anayejua amonia anahitajika popote penye kiwanda cha barafu, cha maziwa au cha bia, na si kwenye samaki peke yake. Uamuzi wa kuhama ulikuwa sahihi. Masharti aliyoyakubali ndiyo yaliyokuwa mabaya.

Mwezi uliopita alikuja tena, na barua nyingine, safari hii kutoka kiwanda kilichoko mkoa wa Mara, kinachomtaka awe mwendesha mitambo mkuu. Mshahara ni mzuri kuliko wowote alioupata. Hakuniuliza kama anaanza upya au anaendelea. Alinionyesha jibu alilokuwa ameliandika kwa kalamu, kabla ya kulipeleka kuchapwa, na ndani yake hakukuwa na neno lolote kuhusu fedha. Aliuliza mtambo una umri gani, mafuta yanatolewa kila baada ya siku ngapi, na zamu ya usiku atakuwa na nani.